Kupandisha toleo la seva ya hifadhidata bila kuzima huduma muda mrefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na wenzangu wanaosimamia PostgreSQL kila wanapokaribia kuhamia toleo jipya. Wa MySQL nao nimewawekea sehemu yao huko chini. Amri nimeziacha kama zilivyo kwa sababu utazinakili.

Toleo kuu na toleo dogo vinatofautianaje?

Tangu toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, namba ya kwanza ndiyo toleo kuu na inayofuata nukta ndiyo toleo dogo. Kutoka 16.3 kwenda 16.9 ni hatua ndogo: unaweka programu mpya, unawasha seva upya, kazi imekwisha. Faili za data hazibadiliki umbo. Kutoka 13 kwenda 17 ni jambo jingine kabisa, kwa sababu majedwali ya ndani ya mfumo hubadilika kila toleo kuu, na programu mpya haiwezi kufungua folda ya data ya zamani. Ukijaribu itakataa kuwaka na kukuambia kwamba folda hiyo ilianzishwa na toleo jingine.

Kabla ya 10 hesabu ilikuwa tofauti: 9.5 kwenda 9.6 lilikuwa toleo kuu. Nukta hiyo imewaponza wengi waliodhani wanafanya marekebisho madogo.

Matoleo madogo usiyalimbikize. Ndani yake mna viraka vya usalama na marekebisho ya hitilafu zinazoweza kuharibu data, na gharama yake ni sekunde chache za kuwasha upya. Kuanzia hapa nazungumzia matoleo makuu tu.

Hifadhidata yangu inafanya kazi vizuri. Kwa nini nisiiache?

Iache mpaka lini? Kila toleo kuu la PostgreSQL hupewa miaka 5 ya matengenezo, kisha basi. Toleo la 12 lilifika mwisho Novemba 2024, la 13 likafuata Novemba 2025. Baada ya hapo tundu la usalama likigunduliwa halizibwi. Na kadiri unavyochelewa ndivyo mambo yaliyobadilika yanavyorundikana: aliyekaa kwenye 9.6 hadi leo hapandishi toleo tu, anabadilisha pia mfumo wa uendeshaji, dreva za programu na namna ya kuhifadhi nywila, vyote usiku mmoja.

"Muda mdogo" ni kiasi gani?

Hilo usilijibu wewe. Waulize wenye huduma, tena waulize kwa namba: mfumo ukisimama dakika 30 saa nane usiku, nani ataumia? Nimewahi kukuta timu imejenga mtambo wa kuhama kwa sekunde 5, kazi ya wiki sita, halafu ikabainika kwamba watumiaji wote hulala na hakuna ambaye angegundua hata saa nzima. Nimeona na kinyume chake.

Jibu lao ndilo linalochagua njia. Wakiruhusu saa kadhaa na data ni ndogo, toa kila kitu kwa `pg_dump` na ukirudishe kwenye seva mpya. Wakiruhusu dakika, tumia `pg_upgrade`. Wakikupa sekunde, utahitaji replikesheni ya kimantiki (nitaieleza chini), na ujiandae kuilipia kwa jasho.

Naweza kuruka matoleo, au ni lazima nipite moja baada ya jingine?

Kwa PostgreSQL unaruka. `pg_upgrade` ya matoleo ya sasa hupokea data kuanzia 9.2. Soma tu maelezo ya mabadiliko ya kila toleo unaloliruka, maana usumbufu wake utakukuta wote kwa pamoja.

`pg_upgrade` inawezaje kumaliza mamia ya gigabaiti kwa dakika chache?

Kwa sababu haigusi data yako. Kinachobadilika kati ya matoleo makuu ni orodha za ndani za mfumo: majedwali yapo yapi, safuwima zake, watumiaji, ruhusa. Faili zenye mistari yenyewe na indeksi umbo lake halijabadilika kwa miaka mingi. Kwa hiyo `pg_upgrade` hujenga upya zile orodha kwenye folda mpya, kisha huleta faili za data jinsi zilivyo.

Namna ya kuzileta unachagua wewe. Bila kusema lolote inanakili, na hapo muda unategemea ukubwa wa data na kasi ya diski. Ukiweka `--link` inaunda viungo vya moja kwa moja kwenye faili zilezile, na terabaiti nzima "huhamia" kwa muda wa kunywa maji. Sharti ni folda zote mbili ziwe kwenye mfumo mmoja wa faili. `--clone` hutoa kasi ya namna hiyo bila kuifungia folda ya zamani, ila inataka mfumo wa faili unaojua kushiriki vipande, kama XFS yenye reflink au Btrfs. Toleo la 18 limeongeza `--swap`, inayobadilishana folda nzima badala ya kupitia faili moja moja.

Kwa `--link`, kinachoamua muda ni idadi ya vitu, wala si ukubwa. Hifadhidata ya terabaiti 2 yenye majedwali 300 hupita haraka kuliko ya gigabaiti 50 ambayo kila mteja amepewa skima yake (fungu lake la majedwali), na majedwali 80 ndani yake. Kama yako ni ya aina hiyo ya pili, pima kabla hujaahidi dakika.

Kwani `--link` haina hatari?

Inayo moja kubwa. Ukishaiwasha seva mpya mara moja tu, ya zamani imekwenda. Zinatumia faili zilezile, na mpya ikishaandika, ya zamani haiwezi kuzisoma kwa usalama. `pg_upgrade` yenyewe hubadilisha jina la `pg_control` ya zamani kuwa `pg_control.old` ili usiiwashe kwa bahati mbaya.

Ninachofanya: kama kuna seva ya akiba inayofuata seva kuu (ile inayohudumia watumiaji), naizima kuu vizuri, nahakikisha ya akiba imepokea kila kitu hadi mwisho, kisha nazima na ya akiba na kuiacha hivyo hivyo kwenye toleo la zamani. Mambo yakiharibika kabla hatujawafungulia watumiaji, hiyo ndiyo inayokuwa kuu. Haigharimu kitu na imeniokoa mara moja.

Nitajuaje mapema kitakachokwama?

Anza na `--check`. Inakimbia huku seva ya zamani ikiendelea kuhudumia, haibadilishi chochote:

```
/usr/lib/postgresql/17/bin/pg_upgrade \
  -b /usr/lib/postgresql/13/bin -B /usr/lib/postgresql/17/bin \
  -d /data/pg13 -D /data/pg17 --link --check
```

Inachokamata mara nyingi ni viongezi (extensions). Kama unatumia PostGIS au kiongezi kingine chochote, faili zake za toleo jipya lazima ziwe zimewekwa kwenye mashine kabla. Majedwali yaliyoundwa kwa `WITH OIDS` hukataliwa kuanzia 12. Miamala iliyoandaliwa kwa `PREPARE TRANSACTION` na kusahaulika nayo huzuia. Na ukihamia 18, kumbuka `initdb` yake huwasha cheksamu za data (namba za kuhakiki kama data imeharibika) bila kuulizwa. Ikiwa ya zamani haina, folda mpya ianzishe kwa `--no-data-checksums`, vinginevyo haziendani.

Kuna jambo `--check` hailiangalii: faili zako za mipangilio. `postgresql.conf` na `pg_hba.conf` hazihamishwi. Wala usinakili faili ya zamani nzima nzima, kwa sababu jina la mpangilio lililofutwa linatosha kuzuia seva kuwaka. `wal_keep_segments` iligeuka `wal_keep_size` kwenye 13, `stats_temp_directory` iliondolewa kwenye 15, `promote_trigger_file` kwenye 16. Anza na faili mpya, halafu hamisha mpangilio mmoja mmoja ambao unajua uliuweka kwa nini. Utashangaa ni mingapi hakuna anayeikumbuka.

Mazoezi yana ulazima kweli?

Mimi siendi bila mazoezi matatu. Chukua bekapu ya juzi, irudishe kwenye mashine inayofanana na ile halisi (hapo umejaribu na bekapu pia, kazi mbili kwa mpigo), kisha fanya zoezi zima mwanzo hadi mwisho ukiwa na saa mkononi. Andika kila amri na muda wake. Zoezi la kwanza huwa la aibu: ruhusa imesahaulika, kiongezi hakipo, folda imejaa. La pili unarekebisha. La tatu unasoma tu kwenye karatasi na kubandika amri. Ukiona kwenye zoezi la tatu bado unafikiri, panga la nne.

Muda wa kusimama unaowatangazia watu utoke kwenye karatasi hiyo, ukiuzidisha mara mbili.

Seva za akiba zifanyweje?

Replikesheni ya kawaida ya PostgreSQL hunakili mabadiliko baiti kwa baiti, na haivuki matoleo makuu. Kwa hiyo ukishapandisha kuu, za akiba haziwezi kuendelea kuifuata. Mwongozo rasmi una njia ya `rsync` yenye `--hard-links` na `--size-only`, nayo hufanya kazi, lakini inataka mpangilio makini mno kwa saa kama ile. Mimi hujenga za akiba upya kwa `pg_basebackup` baada ya kufungua huduma, na kwa saa hizo hoja zote za kusoma (query) zinakwenda kwenye kuu. Kama kuu haiwezi kubeba mzigo huo peke yake, basi una sababu nzuri ya kwenda njia inayofuata.

Replikesheni ya kimantiki ni nini na lini niitumie?

Badala ya kutuma baiti za diski, seva ya zamani hutuma maana: mstari huu umeongezwa, ule umebadilishwa, huu umefutwa. Kwa kuwa ni maana, anayepokea anaweza kuwa toleo lolote. Unajenga seva mpya pembeni, unaijaza ikiwa inaendelea kufuata ya zamani, unaijaribu kwa siku kadhaa, halafu siku ya kuhama unageuza watumiaji. Ipo ndani ya PostgreSQL tangu 10. Aliye kwenye 9.4 hadi 9.6 atatumia kiongezi cha pglogical.

Itumie pale ambapo dakika za `pg_upgrade` ni nyingi mno, au unabadilisha na mfumo wa uendeshaji, au unataka njia ya kurudi hata baada ya watumiaji kuanza kuandika. Hiyo ya mwisho kwangu ndiyo sababu nzito zaidi.

Hatua kwa ufupi: kwenye ya zamani weka `wal_level = logical` (inataka kuwasha upya, kwa hiyo ifanye wiki kadhaa kabla pamoja na toleo dogo). Hamisha watumiaji kwa `pg_dumpall --globals-only` na muundo wa majedwali kwa `pg_dump --schema-only`. Kisha:

```
-- seva ya zamani
CREATE PUBLICATION hama FOR ALL TABLES;

-- seva mpya
CREATE SUBSCRIPTION hama
  CONNECTION 'host=db-zamani dbname=duka user=mnakili'
  PUBLICATION hama;
```

Majedwali yataanza kunakiliwa. Angalia `pg_subscription_rel`: kila jedwali likifika `r` kwenye `srsubstate`, limemaliza na sasa linafuata. Kama data ni nyingi, acha indeksi zote isipokuwa funguo za msingi, na uziunde baada ya nakala ya kwanza kukamilika. Tofauti ni ya masaa.

Kuanzia 17 kuna `pg_createsubscriber`, inayogeuza seva ya akiba ya kawaida kuwa mfuasi wa kimantiki bila kunakili data upya. Ikishageuzwa, unaipandisha toleo kwa `pg_upgrade` ikiwa pembeni. Kwa hifadhidata kubwa ni nafuu kubwa, ila lazima uwe tayari umeshafika 17.

Nini hakihamishwi kwa njia hiyo?

Hapa ndipo watu huumia, basi nitakaa kidogo.

Mabadiliko ya muundo hayaendi. Mtu akiongeza safuwima kwenye ya zamani katikati ya zoezi, mpya haina habari, na mstari wa kwanza wenye safuwima hiyo utasimamisha replikesheni yote. Wakati huo huo seva ya zamani itaendelea kumtunzia mfuasi wake kumbukumbu za WAL (logi ya kila badiliko) kwenye sloti, yaani alama ya mahali mfuasi alipofika, na diski itajaa polepole hadi seva inayohudumia wateja ianguke. Tangaza marufuku ya kubadili muundo, na weka `max_slot_wal_keep_size` (ipo tangu 13) ili likitokea hilo, afe mfuasi na si kuu.

Vitu vikubwa vya `lo_import` haviendi kabisa.

Majedwali yasiyo na ufunguo wa msingi yana balaa lake. Nakala ya kwanza itapita vizuri, lakini mara tu utakapounda ile `PUBLICATION`, kila `UPDATE` na `DELETE` kwenye jedwali hilo itakataliwa kwenye seva ya *zamani*, ile iliyo kazini. Yaani umevunja mfumo mchana kweupe kabla hujahama. Tafuta majedwali hayo mapema, yape ufunguo, au weka `REPLICA IDENTITY FULL` ukijua itakuwa nzito.

Na sikwensi, vile vihesabu vinavyotoa namba za `id`. Mara ya kwanza nilipohama kwa njia hii nilizisahau. Saa saba na robo usiku tukafungua mfumo, kurasa zote zikafunguka, tukapeana hongera kwenye simu. Hazikupita dakika mbili logi ikaandika:

```
ERROR:  duplicate key value violates unique constraint "oda_pkey"
DETAIL:  Key (id)=(1) already exists.
```

Jedwali lilikuwa na oda laki nne na ushee, na kihesabu kwenye seva mpya kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza. Mteja alibonyeza tena, akapata kosa la namba 2. Akabonyeza tena, 3. Ningeweza kumwangalia akipanda ngazi hiyo hadi laki nne. Tangu siku hiyo hii hapa iko kwenye karatasi yangu, na huikimbiza kwenye ya zamani baada ya kuifunga:

```
SELECT format('SELECT setval(%L, %s);',
  quote_ident(schemaname) || '.' || quote_ident(sequencename),
  last_value + 1000)
FROM pg_sequences WHERE last_value IS NOT NULL;
```

Matokeo yake unayabandika kwenye mpya. Ile 1000 ni pengo la kujihami tu.

Usiku wenyewe wa kuhama unakuwaje?

Kwa replikesheni ya kimantiki, mbele yake ikiwa PgBouncer (programu inayosimama kati ya watumiaji na seva na kugawa miunganisho), karatasi yangu ya mwisho ilikuwa hivi.

Nusu saa kabla: zima kazi zote za ratiba, ripoti na programu za nyuma ya pazia. Tazama `pg_stat_activity` kama kuna muamala uliofunguka muda mrefu. Daima upo mmoja. Kimbiza `CHECKPOINT`. Kwenye seva mpya hakikisha `ANALYZE` imefanyika.

Muda ukifika: `PAUSE` kwenye PgBouncer. Miamala inayoendelea inamalizika, mipya inasubiri mlangoni bila kupewa kosa. Kwenye `pg_hba.conf` ya zamani mfungie mtumiaji wa programu, pakia upya mipangilio, na uondoe miunganisho yake iliyosalia kwa `pg_terminate_backend`. Chukua `pg_current_wal_lsn()` (mahali WAL ilipofika) na ulinganishe na `confirmed_flush_lsn` ya sloti. Ikishafika au kuipita, mpya imepokea yote. Weka sikwensi. Futa `SUBSCRIPTION` ya mpya, kisha uandae ya kurudi (nitaieleza chini). Badilisha anwani kwenye faili ya PgBouncer, `RELOAD`, `RESUME`.

Kwa mtumiaji, hiyo ni kurasa zilizochelewa kidogo. Yote yanatakiwa yawe kwenye skripti. Vidole vya binadamu saa nane usiku si vya kuaminiwa.

Kwani PgBouncer ni lazima?

Si lazima, lakini bila kitu cha kusubirisha miunganisho, watumiaji wataona makosa badala ya kuchelewa. Kubadili anwani kwenye DNS pekee ni kamari, maana kuna programu zinazoshikilia anwani ya zamani hadi ziwashwe upya. Tahadhari moja: `PAUSE` hufanya kazi vyema kwenye hali ya `transaction`. Kwenye hali ya `session` itasubiri kila mteja akate muunganisho, na wengine hawakati kamwe.

Imepanda salama, lakini kila kitu ni polepole. Nimeharibu nini?

Huenda hujaharibu kitu. `pg_upgrade` hadi 17 haihamishi takwimu ambazo seva huzitumia kuchagua njia ya kusoma data. Bila takwimu inakisia, inasoma jedwali zima pale ilipotakiwa kutumia indeksi, na mashine inazama. Kimbiza mara moja:

```
vacuumdb --all --analyze-in-stages
```

Inapita mara tatu: ya kwanza haraka na takwimu hafifu za kukuvusha, kisha nzuri zaidi, kisha kamili. Usifungue huduma kabla ya hatua ya kwanza kumalizika. Toleo la 18 linahamisha takwimu nyingi lenyewe, na `--missing-stats-only` humalizia zilizobaki.

Kama takwimu zipo na bado hoja moja imekuwa nzito, linganisha `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)` ya zamani na ya sasa. Kwa hiyo hifadhi mipango ya hoja zako 20 nzito zaidi *kabla* ya kuhama.

Mtu ananiambia rekodi ipo lakini haipatikani kwa kutafuta. Inawezekanaje?

Ulibadilisha mfumo wa uendeshaji pia, sivyo? PostgreSQL kwa kawaida hutegemea maktaba ya glibc kujua herufi ipi inatangulia ipi, na glibc 2.28 ya mwaka 2018 ilibadilisha mpangilio huo. Indeksi iliyopangwa kwa kanuni za zamani inasomwa kwa kanuni mpya, na utafutaji unageukia tawi lisilo lake. Hakuna kosa linaloandikwa popote. Jaribu kwenye mashine zote mbili:

```
( echo "1-1"; echo "11" ) | LC_COLLATE=en_US.UTF-8 sort
```

Ikianza `11`, glibc ni ya kabla ya 2.28, ikianza `1-1`, ni 2.28 au mpya zaidi. Majibu yakitofautiana, kimbiza `REINDEX` kwa indeksi zote zenye maandishi kabla ya kufungua huduma, na uweke muda wake kwenye hesabu. Aliyepita njia ya kimantiki kwa kunakili data upya hana shida hii, kwa kuwa indeksi zake zilijengwa upya upande wa pili.

Programu inakataliwa nywila ambayo jana ilikubali.

Tangu 14 chaguo la kawaida la kuhifadhi nywila ni `scram-sha-256`. Nywila zilizohifadhiwa kwa `md5` huhama na umbo lao, na `pg_hba.conf` mpya ikidai SCRAM hazitakubalika. Ziweke upya nywila hizo kabla ya kuhama, ukiwa bado kwenye toleo la zamani (SCRAM ipo tangu 10), na uhakikishe dreva za programu zinaifahamu.

Narudije nyuma mambo yakiharibika?

Inategemea ni lini umegundua. Kabla ya watumiaji kuandika, kurudi ni rahisi kwa njia zote. Baada ya hapo, aliyetumia `pg_upgrade` atarudi kwa kupoteza yote yaliyoandikwa tangu afungue, na kwa huduma nyingi hilo halikubaliki. Atalazimika kusonga mbele akirekebisha.

Aliyetumia replikesheni ya kimantiki ana mlango wa nyuma. Baada ya kufuta `SUBSCRIPTION` ya kwanza na kabla ya `RESUME`, unaunda `PUBLICATION` kwenye mpya, na kwenye ya zamani `SUBSCRIPTION` yenye `WITH (copy_data = false)`. Kuanzia hapo ya zamani inaifuata mpya. Siku tatu baadaye ukigundua hitilafu nzito, unafanya mchezo uleule kinyume, sikwensi zikiwemo. Amua mapema, kwa maandishi, ni dalili gani itakayowafanya mrudi na nani ana mamlaka ya kusema hivyo. Mjadala huo ukiufanya saa tisa usiku, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda.

Sisi tunatumia MySQL. Je, ni hivyo hivyo?

Wazo ni lilelile, njia ni nyepesi kidogo kwa upande mmoja: replikesheni ya kawaida ya MySQL hukubali mfuasi wa toleo linalofuata. Unajenga mfuasi wa 8.0 chini ya kuu ya 5.7, unamwacha afuate, kisha unampandisha kuwa kuu. Lakini huruki: 5.7 kwenda 8.0, halafu 8.4. Na folda ikishapandishwa kwenda 8.0 hairudi 5.7, kwa hiyo mfuasi mmoja wa zamani abaki pembeni.

Kabla ya yote kimbiza `util.checkForServerUpgrade()` ya MySQL Shell. Angalia pia uthibitisho wa watumiaji: 8.0 ilileta `caching_sha2_password` kama chaguo la kawaida, na 8.4 imezima `mysql_native_password` hadi uiwashe mwenyewe. Toleo la 5.7 lilifikia mwisho wake Oktoba 2023.

Na kama hifadhidata iko kwenye huduma ya wingu?

Kitufe cha kupandisha toleo kipo, na ndani yake mara nyingi ni `pg_upgrade` ileile. Amazon RDS ina utaratibu wa bluu na kijani unaojenga seva ya pili na kugeuza watumiaji. Mipaka ya replikesheni ya kimantiki inabaki vilevile, funguo za msingi na marufuku ya kubadili muundo vikiwemo. Zoezi lifanye kwenye nakala, saa ukiwa nayo.

Seva ya zamani niifute lini?

Baada ya kupita mwisho wa mwezi mmoja mzima, kwa sababu ripoti za mwisho wa mwezi zina hoja ambazo hazionekani siku nyingine. Kabla ya hapo chukua bekapu kamili ya mpya na uirudishe mahali pa majaribio: bekapu za faili na WAL za toleo la zamani haziwezi kufunguliwa na toleo jipya, kwa hiyo siku ya kwanza baada ya kuhama huna bekapu hadi utengeneze nyingine. Programu za toleo la zamani zitunze kwa muda wote ambao sheria zako za kazi zinakutaka utunze bekapu zake. Kisha futa replikesheni ya kurudi na sloti yake kwenye seva mpya *kabla* ya kuzima ya zamani. Sloti iliyoachwa bila mwenyewe hujaza diski vilevile, hata kwenye toleo jipya.